Siku Sanduku la Majina Lilipofungwa

Jumatatu, 3 Machi 2003. Mjini Baraka
Leo naanza daftari hili. Naapa kuandika yote, hata yanayonitia aibu. Mama akilipata atanipiga. Basi.

Baada ya shule nilikwenda parokiani, kama kila siku. Mwalimu Wilondja, anayetufundisha Kifaransa, ndiye mtunzaji wa sanduku la majina. Ni katoni ya sabuni tu. Ndani mna kadi za watu waliopotezana katika vita: zetu zinazouliza, na zile zinazoletwa na boti kutoka kambi za ng'ambo ya ziwa. Kadi mbili zikikutana tunazifunga kwa uzi mwekundu, kisha tunamwita mwenyewe. Mimi naandika kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kadi ya mdogo wangu Elia imo tangu mwaka juzi. Haina uzi.

Jumatano, 5 Machi
Mvua imelowesha sanduku. Wino unaanza kufutika. Mwalimu amebandika tangazo mlangoni: kesho sanduku litafungwa saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, ili kadi zote zinakiliwe na kupangwa upya. Watu walinung'unika. Mama mmoja muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, alisema, "Vita haikupumzika hata saa moja, na ninyi munafunga." Watu walicheka. Papa Amuri hakucheka. Huja kila siku kumuulizia binti yake Sifa, aliyekuwa kwa bibi yake kijijini Lulimba siku tulipokimbia.

Niiandike siku ile. Tulipanda boti ya Papa Amuri kwenda Kazimia. Mama alikuwa mbele, mtoto mgongoni, hakuona. Mimi nilimshika Elia mkono. Papa Amuri alimnyanyua Elia akamshusha majini, pale ufukweni. Alisema boti imejaa, nyingine itambeba. Hakukuwa na nyingine. Katikati ya boti zilipangwa bidoni zake, madumu ya mafuta ya mawese. Elia alikuwa na miaka sita.

Niliachilia mkono. Nalo nimeliandika.

Namchukia Papa Amuri. Nimemwomba Mungu amlipe. Mungu anachelewa.

Alhamisi, 6 Machi
Tulifunga mlango saa mbili; shuleni tulikuwa tumeomba ruhusa. Mwalimu alisoma, mimi nilinakili, kisha nilimsomea nilichoandika. Kazi ilikwenda vizuri. Saa nne Papa Amuri akagonga.

"Mufungue kidogo tu, Mwalimu. Boti ya jana ilileta kadi."

Mwalimu alitoka kumtuliza. Walibishana sana. Nikaendelea peke yangu na kadi za boti ya jana. Ya tatu ilisema: Mimi Sifa. Namtafuta papa yangu Amuri, mwenye boti, Baraka. Niko muzima.

Sauti ya Papa Amuri ilikuwa nyuma ya mlango. Nilitia kadi ndani ya daftari hili. Sikuinakili. Angengoja mpaka saa sita, Mwalimu mwenyewe angeisoma.

Sanduku lilifunguliwa saa sita kamili. Mwalimu alinisifu mbele ya watu.

Ijumaa, 7 Machi
Papa Amuri amekuja. Mimi ndiye niliyemjibu.

"Mutoto wangu, jina ya Sifa haiyafika?"

"Bado, papa."

Nilifurahi. Nilikula vizuri. Nilipata alama kumi na nane kati ya ishirini katika imla.

Jumapili, 9 Machi
Tulikutana na Papa Amuri njiani tukitoka kanisani. Mama alimsalimia kwa heshima. Akamuuliza habari za Sifa, akamwambia asikate tamaa. Yeye hakuuliza habari za Elia. Hata jina hakulitaja.

Nitaikalia kadi hii mpaka azeeke.

Jumanne, 11 Machi
Boti imeleta barua ya wenzetu wa ng'ambo. Mwalimu aliisoma kwa sauti. Wanaomba radhi: nao walifunga sanduku lao siku moja wiki iliyopita, kadi zao zilikuwa zimeliwa na mchwa. Sasa zote zimenakiliwa upya.

Zote. Nani alinakili? Labda msichana. Labda mwandiko wake unasomeka. Labda naye ana mtu wa Baraka anayemchukia. Labda alibaki peke yake chumbani, akaona jina la Mama yangu, au la Elia.

Usiku niliitoa kadi ya Sifa ndani ya daftari.

Jumatano, 12 Machi
Nilikwenda pwani. Papa Amuri alikuwa anaziba boti yake kwa pamba na mawese. Kadi ilikuwa mkononi mwangu. Sikumpa mara moja.

"Papa, ulimushusha mudogo yangu. Anaitwa Elia. Useme jina yake."

Aliendelea kuziba ufa. Kisha akasema, "Boti ilikuwa nzito, mwanangu."

"Ilikuwa nzito ya bidoni zako."

Aliiacha pamba. Mwishowe alisema, "Elia." Alilisema polepole, akitazama chini. Nikampa kadi. Alilia sana, alilia kwa ajili ya Sifa. Nilidhani moyo wangu utapoa. Haukupoa. Bado namchukia.

Kisha nilimweleza Mwalimu kila kitu. Hakunipiga. Alinipa uzi mwekundu nifunge kadi mbili, ya Papa Amuri na ya Sifa. Halafu akaniambia nisirudi tena kwenye sanduku. Ni haki.

Alhamisi, 13 Machi
Ziwa limetulia. Papa Amuri anavuka leo kumchukua Sifa. Nimempa barua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia ndani ya shati. Nimenakili hapa nilichoandika:

Kwako unayeandika majina huko ng'ambo. Sikujui. Mimi pia nilikuwa naandika, na kadi moja niliificha siku sita. Nimeirudisha. Mdogo wangu ni Elia, sasa ana miaka minane, ana kovu chini ya kidevu. Boti itakaa kwenu siku mbili tu, unijibu kwa boti hiyo hiyo: siku mlipofunga sanduku, uliandika majina yote?