Mama, Kitengela Imeamka

Mama yangu mpendwa,

Juzi nilikuwa Kitengela. Najua ungeniuliza kwanza kama nilikula, kisha ndipo uulize nilifuata nini huko. Basi nilikula, tena nikafungiwa na cha kubeba. Nilichofuata ni harusi. Mwalimu mwenzangu hapa shuleni ameolewa na mtu wa Kajiado, nasi tukamsindikiza mpaka huko na vitenge vyetu vya sare. Harusi ilipoisha wenzangu walipanda gari la kurudi Bungoma. Mimi nikawaambia watangulie, kuna mahali nataka kupita. Sikuwaambia ni wapi wala ni kwa nani. Nilikuwa nimebeba habari zako, Mama, na yule mtu aliyestahili kuzisikia kabla ya wengine wote alikuwa hajaambiwa bado.

Unaikumbuka Kitengela tuliyoiacha? Mimi ninayoikumbuka ni ile ya kufuli. Kiwanda cha ngozi ng'ambo ya mto kilipofungwa, Baba alirudi nyumbani mchana, gambuti zake mkononi, akaziweka nje ya mlango taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Wewe ulimtazama, ukampakulia uji. Mwezi haukupita, malori yakaanza kubeba makochi na masufuria ya majirani. Wengine walirudi Kakamega, wengine Machakos, na mstari wetu wa nyumba ukabaki milango na makufuli. Mwenye duka la kona akafunga. Ile baa iliyokuwa ikitunyima usingizi kwa muziki ikanyamaza, nawe ukasema kelele zile zilikuwa afadhali.

Baba akataka turudi wote shambani. Ukamwambia, "Wewe tangulia na hawa wadogo. Nekesa amalize darasa la nane kwanza." Wanawake wa kanisani wakasema umerogwa. Mji umekufa, mwanamke na binti wake wanangoja nini? Wewe ukapiga misumari kibanda chako cha mabati kando ya barabara ya Namanga, ukaanza kuuza chai na mandazi kwa madereva wa malori, ambao siku nyingine walisimama, na nyingine walipita tu wakatuachia vumbi.

Hapo ndipo Yeyo alipotujia. Jina lake hatukulijua kwa muda mrefu. Yeyo ni "mama" kwa Kimaasai, nasi tukamwita hivyo kama walivyomwita watoto wake. Alikuwa akiwauzia maziwa wafanyakazi wa kiwanda. Wafanyakazi walipoondoka alibaki na kibuyu kimejaa na hana wa kumpelekea. Asubuhi moja alisimama mbele ya kibanda, akakuwekea kibuyu mezani.

"Kunywa na mtoto," akasema. "Nikirudi nayo nyumbani itaharibika tu."

Ukapika chai ya maziwa matupu, bila maji. Madereva waliokunywa siku hiyo walirudi kesho yake wakaleta wenzao. Hamkuketi kupanga lolote, Mama, lakini tangu siku ile maziwa yalikuwa yake na moto ulikuwa wako. Kiswahili chenu nyote wawili kilichechemea, na bado mliongea kutwa nzima. Ulipompa andazi mara ya kwanza alilibonyeza kwa kidole, likarudi lilivyokuwa. "Hii ni godoro," akasema, ukacheka mpaka ukaketi chini.

Halafu zikaja zile mvua kubwa. Udongo mweusi wa kule ukishalowa hauachii mguu, huvua mtu kiatu na ukabaki nacho. Mchana mmoja uliokuwa na giza kama jioni tulimwona Yeyo akija amemshika bintiye Nashipae, aliyekuwa na mimba kubwa. Walitaka gari la kwenda hospitali Kajiado. Gari halikuwepo. Mto ulikuwa umejaa upande mmoja, barabara imekatika upande wa pili, na Nashipae alikuwa tayari ameinama ameshika nguzo ya kibanda.

"Mlete ndani," ulisema.

Hukuwa mkunga, Mama. Ulikuwa umezaa tu, na ulikuwa umemwona nyanya akizalisha. Mimi nilishika beseni, nikitazama ukutani. Mtoto alipotoka hakulia. Nakumbuka kimya kile kilivyokuwa, mvua ikipiga mabati na ndani hakuna sauti. Yeyo alianza kumwomba Enkai, Mungu, kwa maneno ya haraka. Wewe ukamfyonza mtoto kamasi puani kwa mdomo wako, ukatema, ukamlaza kifudifudi mkononi, ukamsugua mgongo kwa leso, ukisema kwa Kibukusu, Kiluhya chetu cha nyumbani, "Njoo, njoo, njoo," kama unavyoita ndama. Akakohoa. Kisha akapiga kelele, na Nashipae akaangua kilio naye.

Ulipomkabidhi Yeyo mjukuu wake ulimwambia, "Mvua imemleta huyu. Kwetu angeitwa Nafula."

"Na-fu-la," Yeyo akajaribu, kama anayeonja. "Sawa. Na hapa ataitwa hivyo."

Tulidhani ni maneno ya furaha ya siku moja.

Baada ya mvua ukaja ukame, na ule ukame ndio ulioumaliza mji. Ng'ombe walilala kando ya barabara wasiinuke. Mzee wa Yeyo na mwanawe Lemayian waliswaga waliobaki mpaka Nairobi, wakatafuta nyasi kwenye kingo za barabara na mbele ya mageti ya matajiri. Yeyo alikuja kibandani mikono mitupu, akakaa kwenye benchi bila kutazama mtu. Ulimmiminia chai ya rangi, ukamkatia na andazi. Akakataa, akasema hana maziwa ya kuleta.

"Kunywa," ukamwambia. "Mwaka huu mimi ndiye ng'ombe."

Sijui kama unajua, lakini hakuna maneno yako ambayo yule mama anayarudia kuliko hayo. Nitakufikisha huko.

Kifua kilipokushika, kikazidi, Baba alikuja kutuchukua. Yeyo alikutemea mate ya baraka viganjani, akakufunga vidole juu yake ili yasianguke. "Utarudi," alisema, wala hakuwa anauliza. Nawe ukamjibu, "Nikipona tu." Hukupona. Tulikuzika kando ya migomba kabla ya mahindi kukomaa, na hatukuwa na njia ya kumpelekea habari. Simu hazikuwepo, na barua ungemwandikia nani kule porini? Miaka ikaenda. Nikasoma ualimu, nikaolewa, nikazaa. Kila niliponusa maziwa yenye moshi wa kibuyu, nilijua kuna mtu anayekungoja.

Sasa nikuambie nilichokiona. Niliposhuka Kitengela nilidhani dereva amenikosesha kituo. Mama, kuna ghorofa! Pale lilipokuwa boma la miiba pana jengo la orofa nne, nguo zimeanikwa kila baraza. Malori ya mawe na kokoto yamepanga foleni, vijana wanachanganya saruji, maduka ya misumari na rangi yamefuatana mpaka macho yanachoka. Kuna visima vya kuchimbwa kwa mashine, na punda wanaobeba maji ni wale wa mitaa ya ndani tu. Kila ukuta umeandikwa nyumba ya kupanga. Watu wanafanya kazi Nairobi na kulala hapa, wengine wanachuma maua kwenye mashamba yenye mapaa ya nailoni. Nilisimama na kipochi changu kama mgeni kabisa, nikacheka peke yangu. Mji ule uliosemwa umekufa ulikuwa unanipiga vikumbo.

Kibanda chako nilikitafuta nisikipate. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akiuza kadi za simu kama anamjua Yeyo mwenye kuuza maziwa.

"Yeyo gani, madam? Hapa wako wengi."

"Ako na mjukuu anaitwa Nafula."

Uso wake ukafunguka. "Si ungesema ni shosho ya Nafula! Yule Mmaasai wa jina ya Kiluhya? Ona ile mlango ya bluu."

Nilimkuta ameketi nyuma ya meza, kando yake friji ya maziwa inanguruma. Amepungua, masikio yamelegea kwa shanga, na jicho moja limeingia ukungu. Alinitazama kwa lile jingine kwa muda. Kisha akainuka.

"Nekesa." Akanishika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akachungulia nyuma yangu, mlangoni. "Mama ako wapi?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Kajiado. Yote yakanipotea. Nikasema tu, "Yeyo, Mama alitutoka. Ni mwaka uleule tulioondoka."

Hakulia. Alikaa. Mteja akaingia na chupa yake, Yeyo akampimia maziwa, akamrudishia chenji, akangoja atoke. Ndipo akajifunika shuka usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilipiga magoti pale kwenye sakafu yenye maziwa, nikamshika miguu, tukakulilia, Mama. Tulikulilia upya kama umeondoka asubuhi ile.

Alipoweza kusema alisema, "Na mimi kila kitu wakijenga hapa nasema, Mama Nekesa akikuja, nitamwonyesha."

Basi akanionyesha mimi. Alifunga duka, akachukua fimbo yake, tukatembea. Alinipeleka mahali pa kibanda chako, ambapo sasa ni duka la dawa. Alisimama mlangoni akamwambia msichana wa dukani, bila salamu, "Hapa ndio chai ilikuwa." Akanionyesha vyumba alivyojenga Lemayian baada ya kuuza sehemu ya shamba. "Wamejaa watu wenu," akasema. "Wakianika nguo nasikia hiyo lugha ya mama yako, nasimama kidogo." Akanionyesha upande anakofanya kazi Nashipae, kwenye maua.

Nilimwambia mji umependeza.

"Umependeza. Watoto wanakula. Lakini angalia, Nekesa." Akanyoosha fimbo kule nyuma ya nyumba, ambapo nyumbu walikuwa wakipita kwa mamia nikiwa mtoto. Ni seng'enge juu ya seng'enge. "Ng'ombe wangu wamebaki wa kuhesabu kwa mkono. Nitawalisha nini, kokoto? Wakati mji ulikuwa mgonjwa ulikuwa unatujua sisi wote kwa jina. Sasa umenona, unaniuliza mimi ni nani." Kisha akanipiga begani, akacheka. "Lakini sitaki mji uugue tena. Hapana. Ule mwaka mama yako alikuwa ng'ombe, nilishiba lakini niliona aibu mpaka leo."

Ndipo akanisimulia, kana kwamba sikuwepo, jinsi ulivyosema maneno yale. Watu wote wa ile mitaa wanayajua. Mtu akikopesha jirani unga, anaambiwa, "Mwaka huu wewe ndiye ng'ombe."

Nafula alitukuta njiani akitoka madukani na kikapu. Ni mrefu, meno ya mbele yameachana, haoni haya hata kidogo. Yeyo alipomwambia mimi ni nani, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ni wewe ulishika beseni?"

"Ni mimi."

"Kokoo huniambia sikulia." Kokoo ni nyanya yake. "Mwalimu aliniuliza kama mimi ni Mluhya. Nikamwambia mimi ni Mmaasai wa mvua."

Nilimkumbatia mpaka akajikwamua. Nilikuwa nahisi mgongo wake chini ya kiganja changu, mpana na wenye joto, ule uliousugua kwa leso.

Tuliporudi, Lemayian alikuwepo, nasi tukala nyama na ugali. Yeyo hakula sana. Akaniuliza umelazwa wapi. Nikamwambia ni Bungoma, nyumbani, kando ya migomba.

"Sisi zamani hatukuwa watu wa kutazama kaburi," akasema. "Mtu akienda, ameenda. Hata jina yake tunaiacha ipumzike." Akatazama mikono yake. "Lakini huyu nitamfuata."

"Yeyo," Lemayian akasema, "Bungoma ni mbali sana. Na hiyo miguu?"

"Ng'ombe wetu walitembea mpaka Nairobi na walikuwa wagonjwa. Mimi nitakaa kwa basi."

Mama, anakuja. Shule zikifungwa tu, yeye na Nafula. Hajawahi kupita Nairobi maishani mwake. Anasema ataleta nyasi za kwake azilaze juu yako, nyasi za amani, na maziwa. Mimi nimefurahi na nimeogopa. Ninafagia kaburi kana kwamba ni wewe ninayekuvisha. Baba amepaka nyumba chokaa. Huwa hatutaji sana miaka ile yeye huku na wewe kule, lakini nilipomsimulia habari za Yeyo alitoka nje akakaa na migomba mpaka chakula kikapoa.

Tumegombana jambo moja tu. Baba ametenga jogoo. Nikamwambia Wamaasai wa umri wa Yeyo hawali kuku, kwao ndege si chakula, tumtafutie mbuzi. Akakataa katakata. "Mgeni wa mama yako aje kwangu aondoke bila kuku? Watu watanionaje?" Nikampigia Yeyo simu kumweleza, nikamwomba radhi mapema, nikasema nitampikia maharagwe pembeni.

Nikamsikia Nafula akicheka nyuma yake.

"Mwambie mzee achinje," Yeyo akasema. "Kwa sababu ya mama yako, hiyo ndege nitaila."

Lala salama, Mama, mpaka tukuletee mgeni wako.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Nekesa