Kreti ya Tufaha na Kiti cha Juu

Chicago, Jumatatu, 20 Agosti 1951. Huu ni mwaka wa thelathini na nane tangu nipande treni Marnock, Pennsylvania, mji wa viwanda vya vioo nilikozaliwa. Katika miaka yote niliyojibu barua kwenye safu hii, haijapata kuja hata moja kutoka huko. Hii imekuja. Aliyeiandika hajui kwamba anamwandikia mtu wa nyumbani. Jibu linatangulia kwa posta asubuhi hii, gazeti litafuata.

*

Mshauri mpendwa, miaka minane nimeandika habari za watu wengine na leo najaribu ya kwangu, naomba unisaidie, maana nimepewa kile nilichokililia na sasa naogopa kukichukua.

Mimi ni mwandishi wa michezo wa gazeti la hapa Marnock, na jina langu usilifiche, kwa sababu katika ligi hii mwandishi mwanamke ni mimi peke yangu na kunificha ni kupoteza wino. Kazi niliipata wakati wa vita, mwenzetu wa michezo alipoitwa jeshini, na aliporudi akaona kuuza magari kunalipa zaidi, basi nikabaki naandika besiboli ya timu yetu, Wapuliza Vioo, daraja la chini kabisa la ligi ndogo, na muda wote huo kibanda cha waandishi kilicho juu ya paa la jukwaa sijakikanyaga, maana mlangoni pameandikwa wanawake na watoto hawaruhusiwi, na nilipouliza sababu wenzangu waliniambia kule juu wanatukana na hawataki kuniharibu masikio, kana kwamba wakitukana juu mimi huku chini sisikii.

Kwa hiyo nakalia kreti ya tufaha kando ya uzio, jirani na benchi la wachezaji wetu, taipureta magotini, jua likiwaka nawaka nalo, mvua ikinyesha nafunika karatasi kwa koti langu na mwenyewe nalowa, na mchezo ukiisha wenzangu wanapiga simu kutoka kibandani nami nakimbia hadi duka la dawa kupanga foleni. Kila mwaka nimewaandikia viongozi wa ligi, na mwezi uliopita wamejibu kwamba kiti nimepewa, lakini nikikalie kabla Jumamosi hii haijapita, la sivyo atapewa mtu wa redio.

Sasa sikia balaa. Timu yetu imeburuta mkia tangu vita viishe, lakini Julai siku moja jua lilinizidi nikaisogeza kreti hadi kwenye kivuli cha nguzo, siku hiyo tukashinda, kesho yake tukashinda, na mpaka leo hatujashindwa, na wachezaji wa besiboli unawajua, wakishinda hawabadilishi hata kitu kimoja, Gus Tamburro mrushaji wetu hajafua soksi tangu siku ile, kocha Rehrig kabla ya mchezo anakula yai lililochemshwa hata kama halitaki, na kila mpigaji akienda kupiga lazima kwanza aigonge kreti yangu kwa gongo lake, mimi nikiwa nimeikalia. Mke wa kocha amenishonea mto wa kukalia. Wanawake ambao miaka yote walinipita kanisani kama nguzo sasa wananiletea pai, na mwenye duka la nyama ananiita bahati yetu, na siwezi kukudanganya, mshauri, nimependa kupendwa.

Habari ya kiti ilipovuja, kocha Rehrig alikuja nyumbani, kofia mkononi, akaniambia, "Binti yangu, msimu umebaki wiki tatu. Kile kibanda kipo pale tangu enzi za babu yangu, hakina miguu, hakitatoroka." Nikamweleza juu ya mtu wa redio, akasema atazungumza na ligi, naye ni mtu ambaye hata mkewe anazungumza naye kwa kutuma watoto. Mhariri wangu alicheka tu, akasema, "Karatasi haijui umekaa wapi, mama." Hao ningewamudu. Aliyenimaliza ni Tamburro, hakunipigia kelele, alisimama mlangoni na soksi zake zile nikawa nazungumza naye huku nimefungua madirisha, akasema, "Dada Leona, Jumamosi anakuja mtu wa timu kubwa kuniangalia. Nina miaka ishirini na saba, mke wangu ana mimba. Ukipanda juu, mkono huu hautanisikiliza."

Na mzee Hlavaty, muuza karanga, ananiambia nisione haya, zamani kabla ya vita vile vya kwanza walikuwa na kibiongo mmoja, Emi, wapigaji walikuwa wanamsugua mgongo kabla ya kupiga, wakachukua vikombe viwili, walimpenda kama ndugu na picha yake mpaka leo ipo kwa kinyozi, na akirudi atapokewa kwa bendi. Anasema naye hakuwa na kiti kibandani, na hakulalamika.

Basi nipande Jumamosi, au nisubiri msimu uishe na kiti kiende? Wewe huku hujulikani, kwa hiyo sema ukweli bila kuogopa. Na ukipita Pennsylvania, njoo uwanjani, nitakupisha nusu ya kreti.

Leona Pavlik, Marnock

*

Leona, binti yangu,

Panda.

Ningeweza kuishia hapo, lakini mzee Hlavaty amekupunja habari, na mimi ndiye ninayeijua iliyobaki. Kibiongo wa kwenye picha ni mimi. Jina langu ni Emlyn Prosser. Emi lilikuwa jina la uwanjani.

Hlavaty hakusema uongo kuhusu mapenzi. Walinipenda. Walinishonea sare iliyonikaa vizuri, kazi ambayo fundi yeyote atakwambia si ndogo, na siku ya kikombe cha pili walinibeba mabegani mpaka daraja la mto. Lakini nililalamika. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, mpiga telegrafu pale stesheni, na kibandani walikuwa wanatafuta mtu wa kupeleka matokeo. Niliomba kazi hiyo. Nahodha akanijibu kwa upole kabisa, "Emi, ndugu yangu, ukiwa juu, huku chini nani atatusaidia? Ngoja msimu uishe." Msimu uliisha mara tatu.

Kisha ikaja Agosti tuliyoshindwa wiki nzima. Hakuna aliyenitukana. Nahodha yule yule alinisubiri getini, akanishika bega. Siku hiyo mgongo hakuugusa. Akasema, "Usichukie, Emi. Kaa nyumbani kidogo mpaka mkosi upite." Mgongo ulikuwa ule ule ulioleta vikombe viwili. Nilikwenda nyumbani kama alivyoniambia, nikachukua sanduku.

Hirizi hufungwa mkononi, binti yangu, haikaribishwi mezani. Na siku inaposhindwa kazi hutupwa, na aliyeitupa hulala usingizi mzuri, kwa sababu hakumtupa mtu.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia ukiwa na pai mdomoni. Kupenda kupendwa si kosa, hasa kwa mtu aliyenyimwa salamu miaka minane. Kosa ni kwamba mwandishi ambaye kazi yake ni kueleza kwa nini timu imeshinda ameanza kuamini kwamba imeshinda kwa sababu ya kreti. Tazama tena Julai. Uliandika nini wiki ile? Ama Tamburro alipata nguvu mkononi, ama wapigaji walianza kusubiri mpira mzuri. Ulikuwa na macho kabla ya kuwa na mto wa kukalia.

Tamburro ndiye anayekuuma, na ndivyo inavyostahili, kwa hiyo mtafute kabla ya Jumamosi. Usimtumie mtu. Mwambie kwamba mtu wa timu kubwa anakuja kutazama mkono na hataomba kuonyeshwa kreti. Mwambie pia kwamba ukiwa juu utaona mpira wake wa kupinda unapindia wapi, jambo ambalo ukiwa ubavuni kwa uzio hujaliona hata siku moja, na utaliandika. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira haimzuii mtu kurusha mpira. Mtoto anayekuja ni wake na mkono ni wake. Usikubali akukabidhi mzigo ambao akishinda atauita wake na akishindwa atauita wako.

Jumamosi fika mapema, kabla wachezaji hawajatoka kuvaa. Panda ngazi na taipureta yako. Ngazi ile ina kipago kimoja kilicholegea, cha tatu kutoka juu, isipokuwa kama wamekitengeneza, nami sidhani. Wakianza kutukana, wewe andika. Kreti waachie pale pale kwenye kivuli cha nguzo, na mto wake juu. Kama bahati ipo kwenye mbao, wataigonga na itawafaa. Kama ilikuwa kwako, basi una haki ya kupanda nayo popote.

Wakishinda, usijidai. Wakishindwa, andika kwamba wameshindwa na uandike sababu, na usiombe radhi hata kwa neno moja. Jumapili kanisani watakupita tena kama nguzo. Nenda hivyo hivyo. Kanunue nyama yako kwa yule yule. Pai hazitakuja, na utazikumbuka zaidi ya unavyodhani. Mimi nakumbuka mpaka leo vipande vya kioo cha kijani ukingoni mwa mto, jinsi vilivyokuwa viking'aa tukitoka uwanjani, na katika vitabu vyote nilivyosoma sijaona mtu aliyekiandika kile kijani sawasawa. Labda utakiandika wewe. Kutoka juu ya paa kinaonekana, bila shaka.

Umesema utanipisha nusu ya kreti. Nakushukuru, wengine wote walinitaka nisimame. Lakini kreti umewaachia, na kule juu una kiti kimoja, nacho ni chako. Mwambie mzee Hlavaty kwamba Emi anamsalimu, na kwamba bendi waiache ipumzike.

Sitarudi.