Salamu Kwenye Programu ya Maziwa

Tengeru, Jumapili

Kaka Anaeli,

Huku mvua imegoma na ndizi zimedumaa. Mimi nimechoka tu.

Juzi niliweka kwenye kompyuta toleo jipya la Python, ile lugha yenu ya kuandikia programu, kwa ajili ya kazi za ofisini, na ile programu uliyomwandikia baba ya kurekodi maziwa ikakataa kufunguka. Nimeitengea mazingira pepe, kama chumba chake ndani ya kompyuta, chenye Python ya zamani, ili zisigombane. Mume wangu alisema niifute, maana ng'ombe tuliuza mwaka jana. Lakini baba huifungua kila asubuhi, asome pale ulipoandika "Shikamoo baba."

Hujapiga simu tangu Pasaka. Baba hukiitikia kioo cha kompyuta: "Marahaba, Anaeli."

Dada yako,
Elieshi