Medali Iliyonasa kwenye Sumaku

Mjukuu wangu Zaina, amani ikufikie huko Kindu. Hapa Dzaleka, kambini kwa wakimbizi, bibi yako iko muzima. Anasema sumaku yangu inanasa kila kitu isipokuwa mboga.

Umeniuliza kama uvae medali ambayo chama kinawagawia vijana. Jana nilikuwa nakokota sumaku kwenye vumbi, natafuta vyuma vya kuuza kule viwandani Kanengo, ikanasa medali kama ile chama kilimpa marehemu kaka yangu. Yeye alijigamba: "Nani atagusa mtu wa Président? Hii njo dhahabu!" Askari walimchukua nayo kifuani, hakurudi.

Dhahabu hainasi kwenye sumaku, mama. Nimeitupa guniani pamoja na misumari yenye kutu. Misumari angalau iliwahi kushika paa la mtu.