Honi Mbili Mbele ya Duka

Usagara, Tanga

Dada yangu Devota,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Ushongo, na lile goti limekupa nafuu. Sisi hatujambo. Mke wangu Beatrisi anakusalimu, na mimi mdogo wako naendelea kunenepa bila sababu ya maana. Nimeona niandike kwa sababu haya ningeyasema kwa simu ungenikatia kabla sijafika katikati.

Unaikumbuka redio yangu kuukuu, ile inayonasa mazungumzo ya redio za upepo za askari wa zimamoto. Miaka yote hii mwanao Lucas akitoka kuzima moto na wenzake tulimsikia humo. Wewe unapiga kuuliza kama nimemsikia, mimi nasema yuko salama, unalala. Basi baada ya Pasaka walibadilisha mitambo. Sasa ni ya kidijiti, sauti inafungwa njiani, na asiye na kifaa chao anaambulia mkoromo kama wa Beatrisi (asiione hii). Niliifungua na kuifunga redio yangu nikidhani kasoro ni ya fundi, yaani mimi, kama kawaida.

Jirani yangu Taizoon, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisema siku hizi hata moto umekuwa siri ya serikali. Nikacheka, lakini neno likaniingia. Wanaficha nini? Na kwa nini Lucas haji tena kula kwetu Jumapili? Nikimpigia anasema yuko kazini, anakata. Nilikwenda kituoni na chapati kama kisingizio. Askari wa getini alizipokea chapati, mimi akaniacha nje.

Kisha wakaanza kunidhihaki, au ndivyo nilivyoona. Mara nyingi gari lao likirudi kutoka kwenye tukio, likifika mbele ya duka langu la kutengeneza redio linapiga honi mbili fupi. Kwa Taizoon kimya, kwa kinyozi kimya, kwangu pii pii. Taizoon akasema wamejua nilikuwa nawasikiliza, sasa wananicheka. Nikaamini. Nikawa nikiisikia nainamia kazi yangu, nisiwape raha ya kuniona nimenuna. Wiki iliyopita uvumilivu ukaisha. Nilitoka na bisibisi mkononi, nikalisimamisha gari zima, nimwambie dereva anikome.

Dereva alikuwa Lucas.

Alishuka, akaniamkia, akashangaa kuliko mimi. Kumbe siku zake za mapumziko alikuwa akijifunza kuendesha gari lile, na sasa amekabidhiwa. Alisema redio zimefungwa kwa sababu kila wakitaja mtaa, watu wa aina yangu walifika kabla yao na kuziba njia. Basi kwa kuwa hasikiki tena hewani, akaamua honi ndiyo iseme amerudi salama; kabla hajakabidhiwa gari alikuwa akimwomba dereva aipige. Alidhani mtu yeyote aliyelelewa nyumba ya babu yake angeelewa.

Wewe najua umeshaelewa tangu huko juu. Baba na lori la mkonge, pale konani, honi mbili za kusema amerudi salama, na mama anabandika maji ya ugali. Wewe ndiye uliyemhadithia Lucas. Mimi, niliyekuwa nakimbia kumfungulia baba geti, nilikuwa nimesahau.

Sasa linalonifanya niandike. Tangu Pasaka, kila uliponiuliza kama nimemsikia, nilikujibu ndiyo. Sikuwa nimesikia hata neno. Nilikudanganya kwa sababu sauti yako ikianza kutetemeka mimi siwezi. Ulilala kwa uongo wangu, na usingizi uliokwisha ni wangu. Unisamehe, dada. Ila nimekaa nikafikiri: siku zote nilizokudanganya kwamba nimemsikia, nilikuwa nimemsikia.

Imakulata anayekuletea barua hii anarudi Alhamisi. Mpe nazi mbili tatu, za huku zimekuwa kama ndimu. Wasalimie wote wa hapo, na goti nalo.

Nilipokuwa natafuta bahasha, gari limepita. Zimelia mbili.

Mdogo wako,
Zabron