Mfumo mpya na jezi namba mbili

Salvator, uko wapi? Niko uwanjani Rosettenville, mechi inaanza sasa hivi na mimi niko benchi. Mimi! Benchi!

Kocha Ruphin ametukusanya, eti leo tunabadilisha mfumo, nyuma wanabaki mabeki watatu tu. Halafu akanishika bega: "Égide, ndugu yangu, mfumo huu hauna beki wa kulia. Si wewe, ni mfumo."

Si wewe, ni mfumo! Miaka mitatu nalinda upande ule!

Na unajua nilikubali? Nikasema sawa, miguu yangu si ya kupanda na kushuka tena.

Lakini sikia hii. Jumatano huyo huyo Ruphin alikuja kwenye cherehani yangu pale Jules Street, mkononi ana jezi namba mbili. Jezi yangu! "Ibane kiunoni, sentimita nne kila upande." Nikadhani ananitania kwa hiki kitambi. Nikacheka, nikaibana.

Jumatano, Salvator! Na mfumo umebadilika leo!

Sasa niambie, kama mfumo hauna beki wa kulia, Jumatano nilikuwa nambania nani jezi ile?

Eish, ngoja. Glody anavua koti. Yule mdogo wa mke wake Ruphin, yule mwembamba aliyefika juzijuzi kutoka Lubumbashi.

Ana namba mbili mgongoni. Anakwenda kulia, palepale pangu.

Na jezi imemkaa, Salvator. Imemkaa sawasawa. Mshono wangu mwenyewe.