Chumvi Niliyoomba Nionjewe

Baba Rehana na wanao,

Maharage yako jikoni, yaongezeni maji. Nguo zianueni kabla ukungu haujashuka. Mimi nafuturu kwa wifi Hajira. ~~Msinitafute.~~ Rehana anifuate baada ya Magharibi.

Ile pakiti ya chakula cha Kimeksiko aliyotuletea kaka Mansoor kwenye barafu kutoka Dar, niliitunza kwenye friza ya jirani, Mama Lulu, iwe futari yangu leo ninapolipa saumu ya Ramadhani. Asubuhi umeme ukakatika, ikaanza kuyeyuka, ndiyo maana nikaikaanga mapema. Kuku, mahindi, maharage mekundu, pilipili hoho. Kumbe ni makande ya ng'ambo! Nikacheka peke yangu.

Harufu ilinitesa, nikavumilia. Kwa kuwa nimefunga siwezi kuonja, nikakuita wewe, mume wangu, unionjee chumvi. Chumvi tu! Nimetoka kuanika nguo, narudi nakuta kikaango kinang'aa, na wewe na watoto mnajifuta midomo. Eti kimeisha chenyewe.

Kikaango msihangaike kukiosha, mmeshakiramba.

Na chumvi je, ilikolea? Hata hilo hamkuniambia.

Mama Rehana